Mgeni Anaomba Jembe

Wengi waliokuja kwenye kilio cha Tantini Riziki walishangaa zaidi kuniona mimi niko hai kuliko kusikia kwamba yeye amekufa. Nilikuwa nimepanda kilima kwa pikipiki na mwisho kwa miguu, chupa yangu ya maji kwapani, na hata sijaketi, mama mmoja aliyehama kijiji chetu zamani akanishika mkono, akaupapasa mfupa kwa mfupa, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "We, njo wewe ile mutoto ya SS? Ungali?" Nikamjibu: "Ningali, Mama. Na wewe ungali?" Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kuwa wako kilioni, wakanyamaza. Kwetu njo ni ndiye, na SS ndilo jina tunaloupa ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, sikoseli, ule unaotafuna mifupa na kuyafanya macho kuwa ya manjano. Niko nao tangu tumboni. Nimezoea kutazamwa kama mtu aliyechelewa kuondoka. Zamani iliniuma, siku hizi inanipa tu sababu ya kukaa vizuri zaidi kwenye kiti. Mvi zimeanza kuniota na sizing'oi. Anayetaka kuzitazama azitazame.

Marehemu ndiye aliyenipa jina ambalo kijiji kizima kilinijua kwalo. Alikuwa dada mkubwa wa Papa, mwanamke wa maneno makali na shamba safi, na nyumba yake na yetu zilitumia ua mmoja. Aliniita Mugeni. Hakulisema kama tusi. Kwake mtoto wa SS alikuwa mtu aliyekuja kutembea tu, atakaa kidogo ataondoka, na mgeni hupewa kiti, hupewa mboga nzuri, lakini shamba halimhusu. Kwetu Masisi msichana akifika umri wa kupalilia maharage hutafutiwa jembe dogo lenye mpini wa kimo chake, na siku hiyo hata sauti yake hubadilika. Wenzangu wote walipata majembe yao. Mimi nilipewa kigoda cha kukalia mlangoni nikiwatazama wakienda. Kikombe changu cha bati kilitundikwa kwenye msumari wa peke yake, mbali na vikombe vingine, kwa sababu Tantini, hata baada ya kuelezwa mara nyingi kwamba ugonjwa huu hauambukizi, alisema yeye hajui damu ya mtu inafikiria nini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshaanza kuota matiti, na nilikuwa sijawahi kushika mpini wa kitu chochote isipokuwa mwiko.

Mwaka huo mambo yalianza na simu ya mjomba. Mjomba Bahati, kaka yake Mama, alikuwa na duka la vyombo Mubi, kule Walikale msituni, mji ambao wachimba madini hushukia wakitaka kula vizuri na kusikia muziki. Kwetu mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya kanisa, kwa hiyo kila simu ilikuwa ya kijiji kizima. Likizo ya shule ilikuwa karibu, na mjomba alisema: "Dada, mulete batoto mu vakansi. Kuko parc mupya huku." Tantini, aliyekuwa amesimama karibu kuliko sote, akaruka. "Parc? Parc si njo kule kunakaaka nyama na bagarde? Nguruwe ya pori inatumalizia muhogo hapa kila siku, tena tuende kumutafuta kwake?" Hakuwa mjinga. Katika nchi yetu neno parc lina maana moja, ni msitu wa serikali wenye sokwe na walinzi wenye bunduki, na mtu mwenye akili hupita mbali nao. Mama alicheka hadi simu ikakatika. "Si parc ya nyama. Ni ya kucheza. Kuko viti vinafungwa na minyororo, mutu anakaa, kinamuzungusha mu hewa." Tantini akataka kujua mtu huyo akishazungushwa anafika wapi. "Anarudia palepale," Mama akasema. "Basi akae palepale," Tantini akajibu, akashuka kwenye jiwe akaenda zake.

Lakini Mama alikuwa ameshaamua, na alipoamua jambo alikuwa akifunga kitenge chake upya kiunoni, kwa kukaza. Alienda kwa muuguzi wa kituo cha afya akiniburuta. Yule baba alituambia bila kuzungukazunguka kwamba huku juu kilimani adui yangu ni baridi, kule chini msituni adui ni mbu, na kwamba malaria ikimpata mtu wa damu kama yangu haitanii. Kisha akasema ninaweza kwenda, ila tujitayarishe. Nimezunguka na madaktari wengi tangu hapo, na bado neno hilo moja, ninaweza, ndilo lililonifaa kuliko dawa nyingi. Tulirudi nyumbani na Mama akatangaza sheria, na sheria hazikuwa zangu peke yangu. "Mumoja akikohoa hapa, wote wanakohoa, na huyu njo analala hospitali. Kwa hiyo hakuna mutu wa kukohoa." Kaka yangu Bauma akauliza kama kupiga chafya kunaruhusiwa. Akaambiwa apige chafya nje.

Nyumba yetu ikageuka kambi. Asubuhi kilima kikiwa bado kimefunikwa na ukungu, Mama alikuwa ameshachemsha maji, yanapoa kwenye sufuria yenye kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kunywa ya mtoni hata kwa kiu gani. Tulinawa kwa sabuni kabla ya kula, na Papa, aliyekuwa mtu wa kuingiza mkono kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo, akiwa ametoka kwa ng'ombe, alirudishwa nje kama mtoto mbele ya wageni wake. Tulikunywa dawa ya minyoo siku moja wote, tukatazamana kwa aibu. Mimi nilivishwa triko mbili, yaani sweta, na soksi, nikapewa bidoni ndogo ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, nikaambiwa kila inapoisha niijaze maji na kila inapojaa niimalize. Jioni tulikula maharage na mchicha tunaouita lenga-lenga, viazi, kipande cha jibini ya kwetu siku ikiwa njema, na Mama alisimama juu yangu hadi sahani ing'ae. Kisha alinitembeza, kwanza hadi kanisani, halafu hadi kwenye miti ya mikaratusi, polepole, tukipumzika kabla sijachoka, si baada ya kuchoka. Hilo nalifanya hadi leo. Watu hudhani ujasiri ni kujikaza mpaka uanguke, mimi nilifundishwa kwamba ujasiri ni kukaa chini mapema huku wengine wanakucheka, halafu ukafika.

Siku tulipokuwa tukianika vyandarua tulivyopata kituoni, nilimsikia Tantini akiongea na Papa ndani ya jiko lake. Ukuta wa jiko lile ulikuwa wa mbao, haukuficha neno wala moshi. "Ndugu yangu, munamupeleka mutoto kufwa. Bibi yako anasikiaka tu hamu ya kwao. Mugeni abaki na mimi, nitamupikia vizuri." Papa aliguna, na nilijua mguno wake ulikuwa unaelekea kukubali. Nikaacha chandarua chini, nikaingia. Sikuwa nimewahi kuingia kwenye maongezi ya wakubwa. Nilisema: "Tantini, hapa nikikaa sitakufwaka?" Papa akaniambia nitoke. Sikutoka. "Mbona mulisha kunililia na ningali? Mimi nataka kwenda mu ile kiti. Kama ni kufwa, nifwe nimezungushwa." Mama alikuwa nyuma yangu mlangoni bila mimi kujua. Akamwambia wifi yake: "Kule unaogopa njo kwetu. Mimi nilizaliwa na nilikomalia kule. Nilikufwaka?" Tantini alitutazama wote wawili, akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. "Basi na mimi naenda," akasema. "Mutoto akifwa huko, nani wa kwetu atamuleta?"

Na kweli alikuja, Papa akabaki na ng'ombe, na kwenye mzigo wake nilimwona akikunja shuka jeupe jipya. Hakuna aliyeuliza la kazi gani. Kwetu shuka jeupe jipya halibebwi kwenda kutembea. Mama aliliona, akageuka akaendelea kufunga chandarua na dawa zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nilishikwa na hasira ambayo naikumbuka mwilini hata sasa, hasira yenye joto, na nadhani ilinisaidia kuliko zile triko. Niliapa moyoni kwamba shuka lile litarudi kilimani limekunjwa vilevile.

Mwaka ule barabara ya kushuka Walikale ilikuwa inapitika. Tulipanda lori juu ya magunia ya maharage, tukapita Nyabiondo, tukapita Kashebere, kila kizuizi tukishuka na kuonyesha sura zetu na kupanda tena. Kadiri tulivyoshuka baridi ililegea, nikavua triko ya kwanza, halafu ya pili, na mifupa yangu ikatulia kwa namna ambayo sikuwahi kuijua huko juu. Msitu ulifunga barabara pande zote mbili. Mama alianza kuongea haraka, kwa lugha ya kwao, akiwaita watu wa kandokando kwa majina. Kila lori liliposimama wachuuzi walitujia na vijungu vyao. Sisi tulikula tulichobeba, viazi vya kuchemsha na mayai, na mimi nilikunywa kutoka bidoni yangu mpaka Bauma akasema nitajaza lori. Tantini hakutaka mambo ya kambi. Alinunua nyama ya kuchoma iliyokaa juani, akala na chumvi na pilipili, akashushia maji ya kijito kwa kiganja chake. "Mayi ya kupika haina utamu," alisema, "ni ya bagonjwa." Alinitazama aliposema hivyo. Nikanywa tena.

Mjomba alitupa chumba nyuma ya duka, katikati ya sufuria zilizopangwa hadi darini, na kila lori lilipopita barabarani sufuria zote zililia. Mama alifunga chandarua kwenye misumari kabla hata ya kuvua viatu. Tantini alikataa kulala ndani ya neti, akidai inamkaba roho. Siku iliyokuwa ya kwenda parc tuliamka na nguo zetu za kanisani zimenyooshwa, na Tantini hakuweza kusimama. Tumbo lilimkimbiza tangu alfajiri, sasa lilikuwa limemmaliza. Midomo ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani, na mwili mzima ulikuwa unamtetemeka. Mama alifungua mzigo wake akitafuta cha kumfunika, akakutana na shuka jeupe. Alisita kidogo tu. Akalikunjua, akamfunika wifi yake hadi kidevuni.

Mjomba alikimbia kumtafuta muuguzi. Mama alitaka maji yaliyochemshwa ya kuchanganya sukari na chumvi, lakini yaliyokuwa tayari yamepoa chumbani yalikuwa yangu tu, ndani ya bidoni ya manjano, akavitia humo, na kikombe kilichokuwa karibu kilikuwa changu, kile cha msumari wa peke yake, nilichobeba kutoka nyumbani. Nilikijaza. Nilipiga magoti, nikamwinua kichwa. Alikiona kikombe, alikijua, akageuza uso. Nikamwambia: "Tantini, kunywa." Akatikisa kichwa. Basi nikaongea naye kwa sauti aliyokuwa akiongea nami: "Ao unataka nikupeleke nyumbani na hii shuka?" Bauma akaziba mdomo kwa mkono. Tantini akanikazia macho kwa muda, halafu, naapa, kona ya mdomo wake ikacheza. Akanywa. Akanywa kidogo kidogo, nami nikimshikia, kikombe baada ya kikombe, hadi bidoni ikawa nyepesi. Muuguzi alipofika akatoa dawa, akasema tulimwahi na tuendelee na maji hayo, na jioni aliweza kuketi na kulalamika kwamba uji hauna sukari. Parc ikasubiri hadi apate nguvu ya kubaki peke yake.

Lakini hakubaki. Tulipotoka siku hiyo, alitoka nyuma yetu akishika kuta za maduka. Parc yenyewe ilikuwa uwanja uliofyekwa nyuma ya soko. Kulikuwa na ngome ya mpira iliyojazwa upepo na yenye viraka, gari-moshi dogo la watoto, na katikati mlingoti mkubwa wenye viti vilivyoning'inia kwa minyororo, na jenereta ikitoa moshi na kelele nyingi kuliko muziki. Bauma alisimama kinywa wazi. Mimi nilipofika mbele ya viti, kijana wa mlango akanitazama machoni, akainua mkono. "Huyu iko na macho ya manjano. Mugonjwa hapandake hapa. Akitufwia juu, tutasema nini?" Mama akaanza kueleza kuhusu muuguzi, kuhusu maji, kuhusu damu, na watu wakaanza kutuzunguka. Nilihisi machozi ya hasira yakija, nikayameza. Ndipo sauti ya Tantini ikatoka nyuma, nyembamba lakini ya amri: "Nani mugonjwa? Mugonjwa ni mimi, unitazame. Huyu ni mugeni. Kwenu hapa Walikale mugeni anawekwaka wapi? Nyuma?" Kijana akasema hapana, Mama. "Basi umuweke mbele."

Nikawekwa kwenye kiti cha kwanza, mnyororo ukafungwa mapajani, na mlingoti ukaanza kuzunguka polepole. Sijui kueleza vizuri furaha ile, na nimejaribu mara nyingi. Miguu yangu, ambayo maisha yangu yote ilikuwa kitu cha kusuguliwa na kulilia, ilikuwa juu ya paa za mabati ya Mubi bila uzito wowote na bila maumivu. Nilipita juu ya Mama aliyeshika bidoni kwa mikono miwili, nikapita juu ya Tantini aliyeketi kwenye kreti tupu ya bia, na kila nilipopita niliwapigia kelele: "Ningali!" Bauma kiti cha nyuma akaanza kuitikia, "Angali!", na kufikia mwisho watu wa chini ambao hatuwajui nao walikuwa wanaitikia. Tulirudi palepale, kama Tantini alivyosema. Lakini aliyeshuka hakuwa yule aliyepanda, na yeyote anayeniambia kwamba michezo ile ni upuuzi wa watoto wa matajiri nitagombana naye mpaka leo.

Kesho yake maumivu yalikuja. Sitaki kudanganya mtu. Mapaja na mgongo, asubuhi nzima, yale ya kumfanya mtu aume meno. Mama alinipa dawa na maji, akachemsha mengine ya kukanda, akatafuta vitambaa havitoshi. Nikasikia kitu kikichanika. Tantini alikuwa amelishika lile shuka jeupe kwa meno na mikono, analichana vipande virefu, anavichovya kwenye maji ya moto, anavikamua, anaviweka juu ya miguu yangu. Hakusema "si nilisema." Nilimngoja aseme. Alichosema ni: "Usilie kwa nguvu, utachoka." Maumivu yaliondoka polepole, kama yalivyozoea, na mimi nikawauliza kama tutarudi tena kwenye viti. Mama alicheka, akalia, akafunga kitenge chake.

Tuliporudi kilimani nilifikiri kila kitu kimebadilika. Kikombe changu kilitundikwa pamoja na vingine, hilo ni kweli, Tantini mwenyewe alikipachika. Lakini majira ya kupanda yalipofika wasichana wakaenda na majembe, nami nikawekewa kigoda. Nikakipiga teke. Nikaenda hadi jikoni kwake, nikamwambia: "Tantini, mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Mimi nilisha kumaliza siku zangu zote. Nipe." Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. "Bado," akasema. Nilikasirika. Baadaye Mama alinitafutia jembe jepesi, nikajifunza kulima matuta mafupi nikipumzika katikati, na nimelima hivyo, na nimeshona nguo, nimeolewa, nimezaa mmoja, nimelazwa mara nisizozikumbuka na kutoka mara zote. Kila nilipoenda kumsalimu Tantini nilimuuliza kwa utani: "Jembe langu?" Naye, hata meno yalipomwisha, alijibu lilelile: "Bado, Mugeni." Nilikuwa nimeshaacha kuamini kwamba anatania.

Kwetu siku ya kumaliza matanga vitu vya marehemu hugawiwa mbele ya wote, na kwa mwanamke kitu cha mwisho kutolewa ni jembe lake, kwa kuwa anayelipokea ndiye anayeachiwa shamba alime. Binti zake wawili walikuwa wameketi mstari wa mbele. Mwanawe mkubwa, aliyekulia mbali nasi, alilitoa ndani, mpini umeng'aa kwa jasho la mikono ya mama yake, bapa limelika hadi nusu, akasema kwa sauti ya mtu asiyeelewa ujumbe aliotumwa: "Mama alisema jembe tupatie mugeni. Mimi sijue ni mugeni gani. Alisema sasa amekaa ya kutosha." Vijana wakatazamana, wengine wakaangalia mlangoni kama kuna mtu anayeingia. Yule mama aliyenipapasa mkono alinitazama. Nikasimama. Magoti yalikuwa yananiuma kwa baridi ya asubuhi ile, nikayaacha yaume.

"Njo mimi," nikasema.

Nililipokea kwa mikono miwili. Sikukaa tena. Nilitoka na nguo zangu za kilio, nikapita nyuma ya jiko la mbao hadi kwenye shamba lake safi ambalo magugu yalikuwa yameanza kuliingia tangu alipolala, na watu wakanifuata hadi ukingoni wakinong'ona kwamba nitaanguka. Nikafungua chupa yangu, nikanywa maji hadi nikatosheka, huku wananitazama. Kisha nikafunga kitenge kiunoni, nikalima.